Shangazi, kaka yangu ameanza kugawa vitu vyake

*Shangazi, shikamoo. Naishi Kibirizi, Kigoma. Kaka yangu ana miaka 31, mvuvi wa dagaa. Ziwa lilipofungwa alichukua mkopo wa kausha damu, na mpaka leo deni linazaa tu. Chakula hagusi, usiku halali. Juzi alimpa mdogo wetu simu yake na koti lake la ziwani, akaniambia, "Nimechoka, bora niwapunguzie mzigo." Akaniapisha nisimwambie mtu. Mama anasema anatafuta huruma. Mjomba anasema ni upungufu wa imani. Nataka kumuuliza, ila naogopa nisije nikamtia wazo. Tena nikimpeleka hospitali, si wataita polisi? – Dada Mtu*

Marahaba, mwanangu. Muulize leo, ukimaliza kusoma hapa.

Na usizungukezunguke. Usimwambie "huna mawazo mabaya, eti?" maana hapo umeshamjibia. Kaa naye pembeni, watoto wakiwa hawapo, useme: "Kaka, umegawa koti lako. Unafikiria kujiua?" Neno hilo linatisha mdomoni, najua. Lakini humtii wazo lolote. Wanaohudumia watu wa hali hii wanalijua, na tafiti zimelionyesha: kuulizwa waziwazi hakumsukumi mtu. Wengi hushusha pumzi, maana walikuwa na mzigo huo peke yao kwa wiki nzima.

Akikwambia ndiyo, usilie kwa sauti wala usihubiri. Usimtajie mama atakavyoaibika. Mtu aliyefika hapo ameshajihukumu kuliko utakavyoweza kumhukumu wewe. Mwambie, "Asante kwa kuniambia. Siondoki." Halafu nyamaza, asikie kuwa kweli huondoki. Muulize amepanga lini na namna gani. Akiwa na jibu, hapo hakuna tena kusubiri.

Kuhusu kiapo, kivunje. Atakasirika, pengine hatakusemesha mwezi mzima. Acha akasirike akiwa hai. Tafuta watu wawili anaowaheshimu, labda nahodha wake na yule rafiki wa kucheza naye bao, mpeane zamu ili asilale peke yake. Chochote cha kumdhuru kiondoke nyumbani kimyakimya, na wiki hii asipande chombo.

Mama yako nisimlaumu sana. Zamani nikikaa Ujiji nilikuwa na jirani, fundi cherehani, aliyekuwa akisema maneno kama ya kaka yako huku anacheka. Nasi tulicheka. "Atapoa," tulisema, mimi nikiwa wa kwanza. Mpaka leo nikisikia mtu anasema "anatafuta huruma," najiuliza: sasa akiitafuta huruma, kwa nini asipewe?

Mjomba naye anayo aya mdomoni, bila shaka. Suratun Nisaa, aya ya 29, inakataza watu kujiua. Mwombe kwa adabu aimalizie, kwa sababu aya hiyo hiyo inamalizikia kwa kutaja kwamba Mwenyezi Mungu ni mwenye kuwarehemu. Watu wengi hukatisha kabla ya kufika hapo. Kama mjomba ana sauti nzuri, amsomee kaka nusu hiyo.

Kuhusu polisi. Ni kweli kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinaliita jaribio la kujiua kosa, na hofu hiyo imewafanya watu wengi wafiche wagonjwa ndani. Mimi kifungu hicho sikipendi. Jirani zetu Kenya, Mahakama Kuu yao ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinakwenda kinyume cha katiba. Lakini soma vizuri: kinasema kujaribu. Kaka yako hajajaribu. Kumwambia daktari "nimechoka kuishi" si kosa, ni ugonjwa unaoelezwa kama homa inavyoelezwa. Chukueni bajaji hadi Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, hata kama ni saa nane za usiku. Mapokezi semeni wazi kuwa anataka kujiua, msiseme "ana mawazo." Ukisema mawazo, mtakaa foleni. Ingia naye ndani kama atakubali, na ubaki na tarehe ya kurudi wewe mwenyewe, kwa sababu yeye ataisahau.

Deni lina siku yake. Nakumbuka 2024, serikali ilipolifunga Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Miezi mitatu bila dagaa, na nyumba bado inakula. Si kaka yako peke yake aliyeingia kwenye mikopo ile, basi asijione mjinga wa mwalo mzima. Akishapata usingizi, mjomba na nahodha wakae na mkopeshaji wahesabu upya, kwa maandishi. Usiku wa leo usimwahidi kulipa usichonacho. Mwambie tu kwamba hatalibeba peke yake.

Koti lake mrudishie mwenyewe, mkononi. Mwambie mdogo wenu halimtoshi.

Nawe ule kitu, umekuwa macho siku ngapi? Ukishamuuliza, niandikie. Hata neno moja, "nimemuuliza."