Kabla Hujaitia Chipu Kwenye Soketi

Jumanne kijana wangu wa atachimenti alirudi karakanani kutoka ofisi ya matatu na kifurushi, uso umemchanua. Ndani mlikuwa na chipu nane za kumbukumbu aina ya 4116, nyeusi tii, zimeandikwa Mostek na namba 9412. Muuzaji aliahidi kwamba ni mpya, hazijawahi kutumika. Zilikuwa za Sinclair Spectrum, kompyuta ya zamani ya mteja wetu wa Milimani, na chuma cha solda kilikuwa tayari kinafuka moshi. Nikamwambia akizime. Huyu ni wa tatu mwaka huu. Nawapenda, wadogo zangu, lakini nimechoka kuwaona mkijikwaa kwenye kisiki kilekile kilichoning'oa ukucha: chipu feki.

1. Soma tarehe kabla ya jina. Tarakimu mbili za kwanza ni mwaka, mbili za mwisho ni wiki, kwa hiyo 9412 ni wiki ya 12 ya 1994. Mostek, kampuni ya chipu ya Marekani, ilinunuliwa na Thomson ya Ufaransa mwaka 1985, na 1987 kitengo cha chipu cha Thomson kikaungana na SGS ya Italia. Sasa nani alikaa 1994 akichapa jina la Mostek kwenye chipu ambayo watengenezaji wa kompyuta walikuwa wameshaiacha zamani? Swali hilo halihitaji hata mita.

2. Pamba na asetoni. Ile dawa ya kuondoa rangi ya kucha inafaa, mradi ina asetoni. Hapa wengi wenu huhukumu vibaya: maandishi meupe kufutika si ushahidi, maana wino halali wa zamani nao hufutika. Tazama weusi. Pamba ikitoka nyeusi, ulichosugua si mwili wa chipu, ni rangi iliyopakwa juu ya mahali palipopigwa msasa, na chini yake utakuta mikwaruzo imelala upande mmoja. Kagua pia kile kishimo karibu na mguu wa kwanza. Cha kiwandani kina kingo safi, cha feki mara nyingi kimezibwa nusu na rangi. Zile za Jumanne zilitoa weusi zote nane, na kijana akanyamaza kama aliyefiwa.

3. Miguu. Chipu mpya ya DIP, yaani yenye safu mbili za miguu, hutoka kiwandani imetanua miguu kidogo, lazima uibane ndipo iingie kwenye soketi. Ikiingia bila ubishi, huenda ilishawahi kukaa mahali. Solda inayong'aa hadi mabegani mara nyingi maana yake imechovywa upya.

Sina ugomvi na mtumba. Sote tumevaa vya soko la Kibuye, na pale unageuza nguo, unakagua mshono, kisha unalipa bei ya mtumba. Chipu iliyochomolewa kwenye bodi ikauzwa kama iliyochomolewa ni mali halali, nami huzinunua. Kinachonikera ni ile iliyopigwa msasa ikabatizwa jina jingine, kwa sababu jina hilo ndilo utakalolitegemea.

4. Hili litachukua muda, kaeni.

Miaka mingi iliyopita nilitengeneza mizani ya magari ya kiwanda kimoja cha sukari guru. Kisanduku chake cha namba kilihifadhi kalibresheni, yaani namba za kuisawazisha mizani, kwenye chipu ya kumbukumbu ya SRAM aina ya 62256, na umeme ukizimwa ililindwa na betri ya CR2032. Chipu ilikufa. Nikanunua nyingine iliyoandikwa LP, yaani ile isiyokula umeme ikiwa imelala. Niliijaribu baiti zote 32,768, kuandika na kusoma, ikapita. Nikaisawazisha mizani kwa mawe ya uzani, nikalipwa, nikarudi Kisumu nimeridhika.

Wiki sita na ushee baadaye wakanipigia simu kwamba kuna zogo getini. Nilipofika, mkulima mmoja, mama wa umri wa mama yangu mzazi, alikuwa amesimama mbele ya trekta akiikataa karatasi ya uzani. Alisema trela ni ileile, waliolijaza ni wanawe walewale, na halijawahi kupungua tani nzima. Nikatazama namba, imetulia kabisa. Nikamwambia mbele ya foleni yote, "Mama, mizani haina sababu ya kukudanganya." Alinitazama tu. Akaikunja ile karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso, akaondoka.

Sikulala. Kesho yake nilirudi na mita. Betri ilikuwa imekwisha, kumbukumbu imefutika, na kisanduku kimejirudishia namba za kuanzia ambazo hazikuwa za mizani ile. Chipu iliyoandikwa LP ilikuwa ikinyonya miliampea 0.4 usingizini, wakati ya kweli hula mikroampea chache. CR2032 ina takriban miliampea-saa 220. Gawanyeni, ni saa 550. Kiwanda kilizima mizani kwa muda wa saa 12 kila usiku, kwa hiyo siku 45 na ushee. Nikachukua pamba na asetoni. Ikatoka nyeusi.

Tulipitia karatasi za siku mbili ambazo mizani ilipima vibaya, mkulima mmoja mmoja, na pengo nikalilipa mimi. Kwa yule mama nilikwenda mwenyewe hadi nyumbani. Alinipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, si ungeniuliza kwanza nimejuaje." Pesa nilishazisahau. Neno hilo bado ninalo.

Kwa hiyo 62256 yoyote ya betri, kabla haijaingia kwenye kazi ya mtu: volti 3 kwenye mguu wa 28, wa 14 kwenye graundi, wa 20 uunge na wa 28, miguu mingine ya kuingizia usiiache ikielea, kisha soma mita kwenye mikroampea. Ni kazi ya dakika tano.

5. EPROM, ile chipu ya kumbukumbu yenye kidirisha cha kioo cha kuifutia kwa mwanga, kusoma FF (yaani tupu) kila mahali hakumaanishi ni mpya. Dakika 20 hivi chini ya taa ya urujuanimno huleta jibu hilohilo. Tafuta gundi ya stika kwenye dirisha.

6. 4116 hutaka volti 12, 5 na hasi 5. 4164, chipu nyingine ya kumbukumbu inayofanana nayo, hutaka 5 peke yake, na hulishwa kwenye mguu wa 8, palepale ambapo bodi ya 4116 hupeleka 12. Feki iliyozaliwa 4164 utaiunguza ukiwasha tu. Ndiyo sababu sikukubali zile nane zijaribiwe kwenye bodi ya mteja, hata kijana aliposihi tujaribu moja tu.

Jana amezipanga pamba nane kando ya chipu nane, akapiga picha, akamtumia muuzaji. Muuzaji amejibu kwamba hata yeye aliuziwa kama mpya. Nimemwambia kijana amuulize alizinunua kwa nani, na amuulize kwa upole.