Jino Lililonyamaza Halijapona: Majibu kwa Wasomaji

Toleo lililopita niliandika kwa ufupi kwamba usaha unaojificha kwenye mzizi wa jino au ndani ya mfupa wa taya unaweza kumsumbua mtu hata mbali na kinywa. Maswali yamekuja mengi kuliko nafasi niliyonayo. Nimechukua saba.

"Shikamoo daktari. Mwaka jana gego la chini liliniuma wiki nzima, silali. Likatulia lenyewe, nikaliacha. Juzi nimekwenda kusafisha meno, wakapiga picha, wakaniambia kuna usaha mfupani. Mbona siumwi? Au wanatafuta hela?" (Fundi magari, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Kwa ulivyoeleza, sioni kama wanatafuta hela. Ndani ya kila jino kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Jino likitoboka hadi humo, bakteria huingia, kiini kinavimba. Sasa kivimbie wapi, na kimezungukwa na kuta ngumu pande zote? Ndiyo maana maumivu yale yanamtoa mtu machozi, na usiku akilala chali yanazidi. Baada ya siku kadhaa kiini hufa, na mshipa wa fahamu hufa pamoja nacho. Maumivu yanakatika. Wewe ukadhani umepona, na si wewe peke yako. Katika kazi hii hakuna jambo ninalolisikia mara nyingi kama hilo.

Bakteria wenyewe hawakufa. Wamebaki kwenye tundu lisilofikiwa na damu tena, na dawa unayomeza husafiri kwa damu, kwa hiyo nayo haiwafikii. Wanatokea kwenye ncha ya mzizi, na mwili katika kupambana nao unaula mfupa unaozunguka pale na kuacha kifuko. Kwenye picha ya eksirei kifuko hicho huonekana kama kivuli cheusi. Picha ya kawaida huchelewa kukionyesha: mfupa unaweza kuwa umepoteza asilimia 30 hadi 50 ya madini yake ndipo kivuli kionekane. Kama chako kimeonekana, basi si cha jana.

Una njia mbili. Jino likiwa bado na kuta imara, litibiwe mzizi: linafunguliwa, mifereji ya ndani inasafishwa, inazibwa. Likiwa limebaki kisiki, ling'olewe. Baada ya miezi 6 hadi mwaka upigwe picha nyingine kuona kama mfupa unajirudia. Usilipe nusu ya tiba ukapotea. Jino lililofunguliwa likaachwa bila kuzibwa huingiza mate na bakteria upya, na wengi hunirudia na hali mbaya kuliko ya mwanzo.

"Nauza duka la dawa Songea. Watu wanakuja taya limevimba, wanaomba amoksilini na Flagyl. Nitajuaje yupi hatakiwi kuondoka na vidonge tu?" (Muuza dawa)

Ubarikiwe kwa kuuliza, kwa maana wewe ndiye unayewaona kabla yangu.

Mwambie afungue kinywa. Akishindwa hata kupitisha vidole viwili, usimuuzie akaenda nyumbani. Mwangalie chini ya kidevu: uvimbe ukiwa pande zote mbili na mgumu kama ubao, ulimi umesukumwa juu, mate yanamdondoka kwa kuwa hawezi kumeza, anaongea kama mwenye tonge mdomoni, au anakataa kulala chali kwa sababu pumzi inambana, huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo uvimbe unaopanda kwenye jicho, au homa inayoambatana na kuchanganyikiwa.

Hali hiyo ya chini ya kidevu ilielezwa mwaka 1836 na daktari Mjerumani wa Stuttgart, Wilhelm Friedrich von Ludwig, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Mara nyingi chanzo ni magego ya nyuma ya taya la chini, kwa sababu mizizi yake hushuka karibu na nafasi zilizo wazi chini ya ulimi na shingoni. Kabla ya antibiotiki kupatikana, zaidi ya nusu ya wagonjwa walikufa, wengi kwa kuzibwa pumzi. Siku hizi wengi huokolewa, ila kwa kulindwa njia ya hewa, kupasuliwa usaha utoke, dawa za mshipani, na jino lenyewe kuondolewa. Vidonge pekee havimwokoi.

Tusidhani haya ni ya kwetu tu. Mwaka 2007 huko Maryland, Marekani, mvulana wa miaka 12 alifariki baada ya bakteria wa jino lake bovu kufika kwenye ubongo. Alifanyiwa upasuaji wa kichwa mara mbili. Kung'oa jino lile mapema kungegharimu dola 80 hivi.

Na yule mwenye jino linalouma tu, bila uvimbe wala homa? Huyo hahitaji antibiotiki. Mpe dawa ya maumivu na umwelekeze kwa daktari wa meno. Tafadhali pia, usiuze nusu dozi.

"Nina miaka 22. Kidevuni nina kijipu kinachotoa usaha, kinakauka, kinarudi. Ni mwaka wa pili. Nimepaka dawa za ngozi, kimepasuliwa mara mbili. Meno yangu ni mazima." (Mombasa)

Kaka, umewahi kupigwa kidevu? Mpira, kuanguka baiskeli, ugomvi wa shuleni? Jino la mbele likigongwa linaweza kufa polepole bila kutoboka wala kuuma, likaonekana zima kabisa hata miaka mingi baadaye. Pengine rangi yake imefifia ikawa ya kijivu kidogo. Usaha wa kwenye mzizi hutafuta njia rahisi ya kutokea, na kwa meno ya mbele ya chini njia hiyo wakati mwingine ni ngozi ya kidevu.

Nenda kwa daktari wa meno, mwambie historia yote. Atayapima meno ya mbele kwa baridi kuona lipi halihisi, kisha atapiga picha. Anaweza kupitisha kijiti chembamba kwenye tundu la kijipu ili picha ionyeshe kinaelekea jino gani. Likipatikana na kutibiwa mzizi, tundu la kidevuni hufunga lenyewe ndani ya wiki chache, likaacha kovu dogo. Usikubali kupasuliwa mara ya tatu kabla ya picha hiyo.

"Mimi ni mgonjwa wa kisukari. Najizuia kula ovyo, nameza dawa, sukari haishuki. Fizi zinatoa damu, meno mawili yanacheza. Yana uhusiano?" (Mama wa miaka 58, Tanga)

Yana uhusiano mama, tena wa kwenda na kurudi. Sukari ikiwa juu, kinga hulegea na fizi hushambuliwa kwa urahisi. Fizi zikiugua kwa muda mrefu, uvimbe wake humwaga kwenye damu kemikali zinazofanya insulini isifanye kazi vizuri, na sukari inapanda. Kwa hiyo kila ugonjwa unauchochea mwenzake.

Habari njema ni kwamba ukitibu upande mmoja, wa pili nao hunufaika. Tafiti nyingi zimejumlishwa pamoja zikaonyesha kuwa kutibu fizi, yaani kukwangua ugaga hadi chini ya ukingo wa fizi, hushusha kipimo cha sukari cha miezi 3, kile kinachotolewa kwa asilimia, kwa takriban 0.4. Ukiitazama namba hiyo ni ndogo, lakini inakaribia faida ya kuongezewa dawa nyingine. Usiache dawa zako wala mlo wako kwa ajili hiyo. Ongeza matibabu ya fizi juu yake, na siku ya kwenda kutibiwa, ule asubuhi na umeze dawa kama kawaida, usije ukaishiwa sukari kwenye kiti.

"Natakiwa kuwekewa valvu ya moyo. Wamenirudisha, wanataka barua ya daktari wa meno kwanza. Moyo na meno wapi na wapi?" (Dodoma)

Najua inavyochosha kuzungushwa ukiwa unahema. Ila hapa wamekutendea haki. Kila unapotafuna au kupiga mswaki na fizi mbovu, bakteria kidogo huingia kwenye damu. Moyo mzima huwapitisha, mwili ukawamaliza. Valvu, yaani mlango mdogo wa ndani ya moyo, ikiwa imekwaruzika au ni ya bandia, ina mahali pa kunatia. Wakishika hapo wanajenga makazi, na maambukizi ya valvu ya bandia ni magonjwa mazito mno: wiki nyingi za dawa za mshipani, pengine upasuaji wa pili. Mojawapo ya makundi ya bakteria yanayokutwa mara kwa mara kwenye maambukizi hayo ni wakazi wa kawaida wa kinywa.

Kwa hiyo meno mabovu yote yamalizwe kabla. Ukishawekewa valvu, mwambie kila daktari wa meno utakayemwona maishani. Kabla ya kung'oa jino au kukwangua fizi utapewa dozi moja ya antibiotiki, kwa kawaida amoksilini gramu 2, dakika 30 hadi 60 kabla, kama huna mzio nayo. Ukiwa unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, usiiache mwenyewe kwa hofu ya kutoka damu. Tunapima kwanza, halafu tunaamua pamoja na daktari wako wa moyo.

"Niko Minneapolis. Viungo vinaniuma na nachoka kila siku. Kliniki moja imeniambia nina mashimo ya sumu ndani ya taya, na kwamba meno yangu yote yaliyotibiwa mzizi yang'olewe na taya likwanguliwe. Bei inatisha. Nifanye?" (Dada, Marekani)

Dada, usisaini kitu bado.

Mfupa wa taya huugua kweli. Kuna maambukizi ya mfupa yanayokaa miezi, yakitoa usaha na vipande vya mfupa uliokufa, na wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, wako kwenye hatari zaidi. Kuna mfupa unaokufa kwa wagonjwa waliopigwa mionzi ya saratani, au wanaotumia dawa fulani za kuimarisha mifupa. Hayo yote yana dalili, yanaonekana kwenye picha, na kipande kikichukuliwa maabara huthibitika. Shimo lisiloonekana na yeyote isipokuwa anayeuza tiba yake ni jambo lingine, na vyama vya wataalamu wa meno havijapata ushahidi wa kuunga mkono kung'oa meno yaliyotibiwa vizuri kwa sababu hiyo.

Fikra hiyo si mpya. Mwaka 1900 daktari William Hunter wa London aliandika kwamba uchafu wa kinywa ndio chanzo cha magonjwa mengi, na mwaka 1910 akaihubiri kwa nguvu huko Montreal. Ikaenea Marekani kama moto wa nyika. Watu wenye baridi yabisi waling'olewa meno mazima. Huko Trenton, New Jersey, daktari Henry Cotton aliwang'oa meno wagonjwa wa akili, wasipopona akaondoa tezi za koo, kisha vipande vya utumbo, na wengi walikufa. Mwaka 1938 Russell Cecil na Murray Angevine wakachapisha uchunguzi wa wagonjwa 200 wa baridi yabisi: kuwaondolea meno na tezi hakukuwaletea nafuu ya kutegemewa. Cecil mwenyewe hapo awali alikuwa muumini wa tiba hiyo. Namheshimu kwa kukubali alichokiona.

Na sisi tunayo yetu. Katika sehemu za Tanzania, Kenya na Uganda, mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, fizi zake zinaangaliwa, anaambiwa ana "meno ya plastiki", na vichipukizi vya meno vinachokolewa kwa spoki ya baiskeli au kisu. Homa ilikuwa ya malaria au ya tumbo. Nimewapokea watoto hao wakiwa na usaha tayari, na wengine wakubwa ambao chonge zao za kudumu hazikuota kamwe. Inaniumiza kila mara, kwa sababu mama aliyempeleka alikuwa anajaribu kumwokoa.

Hivyo basi, tafuta daktari wa viungo akupime damu. Na meno yako yapigwe picha na daktari mwingine, asiye na uhusiano na kliniki hiyo. Jino litakaloonekana lina kivuli litibiwe; lisilo na kosa libaki mdomoni.

"Mwanangu ana miaka 6. Taya la juu lilivimba, wakang'oa jino, baada ya wiki likazidi, wakang'oa la pili. Sasa meno ya jirani yanalegea na jicho linasukumwa. Hana maumivu sana. Wamempa dawa ya usaha tena." (Baba, Kagera)

Baba, swali lako limefika mwisho kwenye ukurasa lakini ndilo nililolijibu kwanza, kwa simu.

Hili huenda si usaha. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, Uganda, alieleza uvimbe wa taya unaowapata watoto wa ukanda huu: meno yanalegea yenyewe, taya linakua haraka, jicho linasukumwa. Ni saratani, na uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku chache. Lakini pia ni miongoni mwa saratani zinazoitikia dawa vizuri sana, na watoto wengi wanaowahi hupona.

Asing'olewe jino jingine. Chukua rufaa kesho asubuhi, mpeleke hospitali ya Bugando, Mwanza. Ukifika usiseme "anaumwa jino". Sema: meno mawili yameng'olewa, uvimbe umeendelea kukua, na tunaomba kipande cha uvimbe kichukuliwe kipimwe maabara.