Ng'ambo Hakuna Ndovu: Jibu kwa Mnaouliza Kazi ya Wanyama na Ramani

Swali laja kutoka mitaa ya Mombasa, Kisauni, Likoni na Majengo, kwa maneno tofauti, lakini ni lile lile: hii kazi ya kuhifadhi wanyamapori kwa ramani za kompyuta pamoja na utafiti wa jamii, ni kazi kweli? Yalipa? Na mtu akija Uingereza kuisomea, atapata pa kushika?

Ni kazi, yalipa kiasi, na ugumu wake hauko mnapoudhania. Wengi mnaogopa kompyuta. Kompyuta mtu aweza kujifunza kwa miezi sita akiwa Mikindani, bila kulipa ada. Anayetafutwa kwa tochi ni yule awezaye kukaa na mkulima wa Kwale mpaka akaambiwa kweli, kisha akaitia kweli hiyo kwenye ramani bila kuiharibu. Jambo la pili, ambalo sisi tulio huku hatupendi kulitamka tukija likizo, ni kwamba ng'ambo hakuna ndovu. Ndovu wako kwenu.

Chukueni hifadhi ya Shimba Hills, Kwale, maana na Mombasa ni pua na mdomo. Ndovu wakivuka ua wa umeme hula mahindi na kuvunja migomba, na watu huenda kuripoti. Ukikusanya ripoti za mwaka mzima ukazitia kwenye ramani, utaona alama zimerundikana kando ya barabara na karibu na ofisi ya chifu. Mwanagenzi ataandika kwamba ndovu hupenda kupita karibu na barabara. Ukweli ni kwamba akaaye karibu na barabara ndiye mwenye nauli ya kwenda kuripoti. Sheria ya wanyamapori ya 2013 imetaja fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine, na hasara za mazao nazo zimo. Lakini malipo yakichelewa, watu huchoka kuripoti. Alama kwenye ramani hupungua, na mkubwa ofisini hutangaza kwamba mgogoro umetulia. Hiyo ni ramani ya ripoti. Ya ndovu bado haijachorwa.

Dawa yake ndiyo mahali fani hizi tatu zinapokutana. Fungua picha ya setilaiti ya kijiji, weka nukta juu ya kila paa, zipe namba, kisha iamuru kompyuta ichague nyumba 30 kwa nasibu. Chagua vijiji vilivyo karibu na ua na vilivyo mbali, ili upate cha kulinganisha. Kila nyumba iliyochaguliwa iulizwe, hata ile ambayo haijawahi kuripoti chochote. Chagua na nyumba 10 za akiba mapema, kwa sababu paa jingine litakuwa la ghala au la banda la mbuzi. Usimwachie mhojaji ajichagulie nyumba ya badala. Jua likiwa kali atachagua iliyo na mwembe.

Hojaji yenyewe ndiyo huharibu utafiti mwingi. Ukiuliza "Je, ndovu wanakusumbua?" utajibiwa ndiyo, kwa kuwa aliyekuja na fomu na fulana yenye nembo huenda ameleta msaada. Uliza "Mara ya mwisho ndovu kuingia shambani mwako ilikuwa lini? Walikula nini? Ulifanya nini asubuhi yake?" Utapata tarehe, zao na kitendo, vitu vinavyoweza kuhesabika. Jaribu hojaji kwa watu 10 hadi 15 kabla ya kuanza, na uijaribu kwa Kidigo au Kiduruma, si kwa Kiswahili cha vitabuni tu. Ikizidi dakika 45, majibu ya mwisho yatakuwa ya kukufukuza. Kwa miguu, mhojaji mmoja akimaliza nyumba 8 kwa siku amefanya kazi ya maana. Anayekuletea 20 amejaza akiwa chini ya mti.

Swali la kitoweo cha porini haliulizwi ana kwa ana, maana kuwinda ni kosa na hakuna atakayejifunga kwa mdomo wake. Kuna mbinu ya orodha. Gawa watu makundi mawili kwa nasibu. Kundi la kwanza lasomewa mambo manne ya kawaida: kufuga mbuzi, kuuza nazi, kusuka makuti, kuvua samaki. La pili lasomewa hayo hayo na la tano, kula nyama ya porini. Kila mtu asema idadi tu ya aliyoyafanya mwaka huo, bila kutaja ni yapi. Kundi la kwanza likiwa na wastani wa 1.8 na la pili 2.1, tofauti ni 0.3, yaani kadiri ya watu 30 katika kila 100. Hakuna aliyekiri, na bado umepata jibu. Mbinu hii huanguka kwa njia mbili. Ukihoji watu 60 tu, bahati nasibu itaimeza hesabu yako, yataka mamia. Na ukichagua mambo manne ambayo kila mtu huyafanya, anayejibu "matano" amejianika, kwa hiyo changanya ya kawaida na ya nadra.

Sasa ramani. Makosa yake ni machache lakini hujirudia, na mwajiri wa huku hukupima kwa hayo kabla hajakuuliza umesoma chuo gani.

La kwanza ni mfumo wa kupimia mahali. Ramani za zamani za 1:50,000 za Survey of Kenya, idara ya serikali ya upimaji, zilichorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, na simu yako hutumia mfumo wa GPS, WGS84. Ukichanganya, vitu husogea karibu mita 300. Kando ya ua wa hifadhi, mita 300 zatosha kumtia mkulima ndani ya msitu na kumfanya mvamizi. Kwa eneo la Mombasa na Kwale, Arc 1960 katika kanda ya 37 Kusini ya UTM (mpangilio unaopima mahali kwa mita) ina namba ya utambulisho EPSG:21037, na WGS84 ya kanda hiyo hiyo ni EPSG:32737. Mtu akiulizwa na programu leya yake, yaani tabaka la ramani, ni ya mfumo gani, hubonyeza WGS84 kwa mazoea. Amebandika jina jipya juu ya namba za zamani. Kwanza iambie programu leya imetoka mfumo gani, kisha iamuru iihamishe.

La pili ni alama ya kutoa. Mombasa iko latitudo -4.05 na longitudo 39.67. Ukisahau kile kistari, mji wenu wapaa hadi ng'ambo ya mpaka wa Ethiopia, upande wa Moyale. Ukigeuza namba hizo mbili, Mombasa yatua Uhispania, kusini kidogo ya Toledo. (Mkiona mikoko Uhispania, msiandike ripoti.)

Kupima eneo nako huwashinda wengi. Leya ikiwa katika digrii, jibu la eneo litakuja katika digrii za mraba, ambazo hazina maana kwa mwenye shamba. Ihamishie UTM kwanza upate hekta. Na shepufaili, aina ya faili ya ramani itumikayo sana, si faili moja. Ni kifurushi cha .shp, .shx, .dbf na .prj, na ukituma .shp peke yake kwa WhatsApp umetuma nusu ya barua. Majina ya safu zake hukatwa yakizidi herufi 10. Tumia GeoPackage, faili moja, mambo yaishe. Kwa simu, ngoja kosa la GPS lishuke chini ya mita 10 kabla ya kuhifadhi nukta. Ndani ya msitu mzito huenda ukasubiri dakika kadhaa.

Picha za setilaiti ni bure. Landsat hupiga kwa mita 30, yaani kila kidoa cha picha ni mita 30 ardhini, na kumbukumbu zake zaanzia 1972. Sentinel-2 ni ya mita 10. Pwani shida ni mawingu: picha za masika mara nyingi ni pamba tupu, basi tafuta za Januari na Februari, wakati wa kaskazi. Kwa mikoko kuna mtego wa ziada, kwani maji yakijaa mikoko mifupi huzama na ramani yasema imekatwa. Linganisha picha zilizopigwa maji yakiwa katika hali moja.

Vibali visiwapige chenga. Utafiti Kenya wataka kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na ukiingia hifadhini kuna cha mamlaka ya wanyamapori pia. Baada ya hapo ni kaunti, chifu, na kwenye misitu mitakatifu ya kaya ni wazee wenyewe. Sehemu za ndani za kaya hazipigwi GPS mpaka wazee waseme, na wakikataa ramani ibaki na pengo hapo. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 yahusu majina na mahali pa nyumba, kwa hiyo ramani ya kuchapishwa ionyeshe miraba ya kilomita moja, si nukta ya mlango wa mtu. Vivyo hivyo kwa wanyama adimu. Palahala, swala wakubwa ambao Kenya nzima wako Shimba Hills tu, hawatangaziwi walipolala.

Tuje kwa ng'ambo. Vyuo vyenye jina katika mchanganyiko huu vipo. Chuo Kikuu cha Kent, Canterbury, kina kituo cha uhifadhi kiitwacho DICE tangu 1989, ambako ikolojia na anthropolojia hukaa chini ya paa moja. Enschede, Uholanzi, kuna taasisi ya ITC, iliyoanzishwa 1950 kwa ajili ya ramani na hufundisha watu wa nchi kama zetu. Uzamili wa Uingereza ni mwaka mmoja, na mgeni hulipa ada kubwa kuliko mwenyeji. Juu yake, viza yataka ada ya afya ya pauni 776 kwa mwaka, kipimo cha kifua kikuu, na pesa za ada na kujikimu zilizokaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Mjomba akikukopesha akazitoa siku ya 27, viza imekwenda. Wakati wa muhula unaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki, na nyingi za kazi hizo ni za jikoni na za kutunza wazee. Udhamini wa Chevening, wa serikali ya huku, hulipa kila kitu, lakini wadai saa 2,800 za kazi kabla ya kuomba, na baada ya masomo urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Wanaoutafuta kama daraja la kubakia huku wamepotea njia.

Na ukishahitimu? Mashirika ya wanyama ni machache na waombaji ni wengi, wakiwemo watoto wa matajiri wanaoweza kujitolea mwaka mzima bila mshahara. Wewe una kodi ya nyumba. Mikataba ni ya miezi sita, mwaka, miwili ukiwa na bahati. Kazi za ramani zilizo nyingi ni za kampuni za maji, reli, bima na washauri wa mazingira. Tangu Februari 2024, miradi mikubwa ya ujenzi hapa hulazimika kuacha bioanuwai ikiwa imeongezeka kwa asilimia 10, na hilo limewapa kazi wachoraji ramani wa makazi ya viumbe. Lakini wewe uliyeota ndovu utakuwa ukipima ua wa miiba, ukihesabu popo usiku na kutafuta kijinyama cha majini kifananacho na mjusi, ili kampuni ijenge nyumba. Siku zinazobaki ni kompyuta, na Desemba jua huzama kabla ya saa kumi.

Kwa maoni yangu uzamili huu wafaa, ila uje baada ya kuanza kazi nyumbani. Msomi wa hapa hulipa mkalimani, dereva na wahojaji ili apate mazungumzo ambayo wewe ungeyapata kwa kikombe cha kahawa. Ukija mikono mitupu utafundishwa QGIS, programu ya ramani ambayo ungeipata bure.

Basi anzeni hapo. Kompyuta yenye RAM ya GB 8 yatosha, 16 ni raha. Diski iwe SSD. Pakueni QGIS mahali penye waifai ya bure, kwani ni faili kubwa. Zoezi la kwanza liwe mikoko ya Tudor kwa picha mbili za Sentinel-2 zilizopishana miaka mitano. La pili, tengenezeni hojaji ya maswali 12 kwenye KoboToolbox, programu ya hojaji za simu, muijaribu mtaani hata kama ni kuhusu takataka. Kisha R, programu ya takwimu. Gazi kuna Mikoko Pamoja, hekta 117 za mikoko ambazo wenyeji huuza vyeti vya hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo, na Diani kuna wanaohifadhi mbega na kuwawekea vivuko vya kamba juu ya barabara. Nendeni mkaone kazi ilivyo kabla ya kuuza kiwanja cha babu. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na Taita Taveta nako kuna chuo kikuu. Shahada ya kwanza haina haja ya pasipoti.

Mkimwandikia mhadhiri wa huku, barua iwe ya mistari minane: swali lenu la utafiti, mahali, mbinu, na mlichokwisha kufanya. Msimwambie mnapenda wanyama tangu utotoni. Kila mtu humwambia hivyo. Ambatanisheni ramani moja ya PDF isiyozidi MB 2, yenye kipimo, tarehe ya picha na namba ya EPSG pembeni. Faili iitwe kwa jina lako na la mahali, isije ikamfikia ikiitwa "ramani mpya ya mwisho 3".