Amemaliza shule, lakini kila asubuhi avaa yunifomu

*Shikamoo Shangazi. Mwanangu ana miaka 19 na ana usonji. Amesoma kitengo maalumu huku Kisauni tangu utotoni, na Novemba tukaambiwa umri umepita, asirudi tena. Tangu siku hiyo, kila kukicha avaa yunifomu, akaketi mlangoni. Nikimwambia hakuna shule, hupiga mayowe na kujigongesha kichwa ukutani. Shemeji yangu ataka kumpeleka Likoni akabebe mizigo, eti ashakuwa mwanamume. Jirani asema ni jini. Mimi nimechoka, na babake yuko safarini. Nifanyeje?*
*Mama, Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Pole, na pole zaidi kwa kuyabeba haya peke yako.

Huyo kijana pale mlangoni si mkaidi. Anangoja. Shule kwake ilikuwa saa ya kuamka, matatu ileile, kiti kilekile, uji wa saa nne na mwalimu anayejua asipopenda kuguswa. Vyote hivyo vilikatika siku moja. Wewe Novemba ulielezwa, ukaelewa. Yeye aliikuta imeshampita. Hapa shule zetu hukosea sana, na nalisema bila kuficha: mtoto huagwa kwa keki na picha, bila hata mwaka mmoja wa kumzoesha yanayokuja.

Basi kabla ya kumtafutia kazi, mtafutie siku. Bandika karatasi ukutani, uchore au ubandike picha za mambo ya kutwa kwa mpangilio: kuoga, chai, kufagia ua, kwenda dukani kuchukua maziwa, kupumzika, chakula, matembezi ya alasiri jua likipoa. Kila akimaliza jambo, aligeuze au alikate kwa kalamu. Anza na mambo manne tu. Ikiwa kesho kuna mgeni au safari, mwonyeshe leo kwenye karatasi. Na usiseme "hakuna shule", maana hapo unamwachia shimo. Mwambie kilichopo: "Sasa ni chai, halafu dukani." Wiki za mwanzo zitakuwa ngumu, lakini usiibadilishe karatasi kila siku.

Huko kujigongesha kichwa, mpeleke kwanza hospitali atazamwe meno na masikio. Asiyeweza kusema "naumwa" mara nyingi husema kwa kichwa chake. Jini halimo. Usonji ni namna ubongo ulivyokua tangu tumboni. Hukuuleta wewe, na moshi wa mganga utamtisha tu.

Shemeji yako mjibu kwa heshima, lakini mkatalie. Kivukoni Likoni kuna honi, msukumano, jua na watu wa kukusukuma begani. Kijana wako atateseka, kisha watasema hawezi kazi. Anaweza. Tazama tu anachofanya nyumbani bila kuambiwa. Je, hupanga makopo kwa ukubwa? Hukunja nguo kingo zikalingana? Mtu wa hivyo sokoni Kongowea atapima na kufunga pilipili manga na iliki vifuko mia bila kukosea uzito. Tafuta mwenye duka mmoja unayemwamini, uombe saa mbili tu asubuhi, siku tatu kwa wiki, nawe ukae naye hadi azoee. Kisha umwachie dadake au binamu, kisha mwenye duka mwenyewe. Ujira uwepo tangu mwanzo, hata kama ni mdogo. Asifanyishwe bure kwa jina la huruma.

Makaratasi yasikupite. Ana miaka 19, kwa hiyo akate kitambulisho. Halafu apimwe hospitali ya serikali ili asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, apate kadi. Atembee na kadi hiyo mfukoni: askari akimsimamisha naye asipojibu, angalau kuna cha kumwonyesha. Uliza pia kuhusu Inua Jamii, mpango wa serikali wa kutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkali. Si kila anayeomba hupata, ila uliza.

Na yunifomu usiifiche wala kuigawa akiwa amelala. Mnunulie shati la kazi, rangi anayoipenda, kitambaa kisichomkwaruza. Siku atakayolivaa, ikunjeni yunifomu pamoja, aiweke kabatini kwa mkono wake, ajue iliko.