Gari likilala majira ya baridi: maswali yenu kuhusu SORN

Kila Oktoba ikikaribia, wasomaji wetu walioko Uingereza huuliza jambo lilelile: gari halitaguswa hadi baridi iishe, je, kodi lazima iendelee kulipwa? Hailazimiki, mradi umewaarifu DVLA, mamlaka ya magari iliyoko Swansea, kwamba gari limetolewa barabarani. Taarifa hiyo ndiyo SORN. Ni ya bure, na tangu Desemba 2013 haihitaji kurudiwa kila mwaka. Hukaa hadi gari lilipiwe kodi tena, liuzwe, livunjwe au lisafirishwe nje kwa kudumu.

Gari langu ni la 2018, nalitumia kiangazi tu. Nitaokoa kiasi gani?

Kwa gari lililosajiliwa kuanzia 1 Aprili 2017, kiwango cha kawaida cha mwaka wa kodi 2025/26 kilikuwa pauni 195, yaani pauni 16.25 kwa mwezi. DVLA hurudisha miezi mizima iliyobaki tu. Ukilipa upya nako, kodi huhesabiwa tangu tarehe 1 ya mwezi huo hata kama umelipa tarehe 30. Hapo ndipo watu wengi hupoteza pesa bila kujua.

Tuseme umetoa taarifa 31 Oktoba na kulipa tena 1 Aprili. Umeokoa Novemba hadi Machi, miezi 5, pauni 81.25. Jirani yako mwenye gari kama lako akatoa taarifa 1 Novemba na kulipa 31 Machi. Novemba imemponyoka, na Machi yote ameilipia kwa ajili ya siku moja. Amebaki na miezi 3, pauni 48.75. Siku mbili zimemgharimu pauni 32.50.

Faida huonekana zaidi kwa magari ya zamani yenye injini kubwa. Gari lililosajiliwa kabla ya Machi 2001, lenye injini inayozidi cc 1549, lililipa pauni 360 mwaka huo wa kodi, kwa hiyo miezi 5 ni pauni 150. Lakini kama kodi yako ni pauni 35 kwa mwaka, unahangaikia pauni 14 na ushee. Tungekuwa sisi, tungeliacha gari na kodi yake.

Taarifa yenyewe naitoaje?

Kwanza liondoe gari barabarani, kisha ingia kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza ukiwa na kadi ya gari, V5C. Ukitumia namba yake ya tarakimu 11, SORN huanza papo hapo. Ukitumia namba ya tarakimu 16 iliyo kwenye barua ya ukumbusho wa kodi, V11, huanza tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Asiyependa mtandao hupiga simu au hutuma fomu V890 kwa posta.

Wanaolipa kidogo kidogo kupitia benki wasianze kwa kufuta malipo benki. DVLA wataona gari lisilo na kodi wala SORN. Toa taarifa, nao watayasimamisha wenyewe. Ile nyongeza ya asilimia 5 uliyotozwa kwa kulipa kwa awamu hairudishwi. Anayerudishiwa pesa ni yule mwenye jina kwenye V5C, kwa anwani iliyo humo, kwa hiyo kama umehama nyumba rekebisha kadi kwanza. Subiri hadi wiki 8.

Nakwenda Mombasa miezi mitatu. Gari hulala mtaani mbele ya nyumba. Naweza kutoa SORN?

Hapana. Mtaa ni barabara ya umma hata kama gari halisogei, na ukingo wa nyasi kando yake ni vilevile. Linatakiwa liwe kwenye uwanja wa nyumba yako, gereji, au ardhi binafsi ambayo mwenyewe amekuruhusu. Maegesho ya mtaa wa nyumba za halmashauri yanachanganya: mengine ni sehemu ya barabara ya umma, kwa hiyo waulize halmashauri kabla, na jibu lao liwe la maandishi.

Njia nyepesi ni kumwomba ndugu au rafiki mwenye uwanja. Ukishindwa, endelea na kodi na bima. Gari lisilo na kodi wala SORN hutozwa pauni 80, na likikutwa mtaani hufungwa klampu. Kuliendesha likiwa na SORN kunaweza kukufikisha mahakamani, faini hadi pauni 2,500.

Na bima je, niifute?

Sheria inakuruhusu ukishatoa SORN, si kabla. Lakini gari lililolala huibiwa, na huungua. Iulize kampuni yako kama ina bima ya gari lililopumzishwa, ya wizi na moto peke yake. Hesabu pia ada ya kuvunja mkataba katikati, kwa sababu mara nyingi humeza ile kodi yote uliyookoa.

Mwaka jana betri ilikufa na gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Nilikosea wapi?

Gurudumu karibu hakika ni hendibreki. Ukiivuta na kuiacha kwenye unyevu, kutu hushikanisha breki na chuma chake. Egesha mahali tambarare, tia gia ya kwanza (ya otomatiki weka P), zuia magurudumu kwa vipande vya mbao mbele na nyuma, kisha achia hendibreki.

Betri haikufa kwa baridi peke yake. Alamu na kompyuta ya gari huendelea kunyonya umeme kidogo kidogo usiku na mchana. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi. Ikikaa chini ya 12.4 kwa wiki nyingi, sahani zake hujenga ukoko wa salfeti na nguvu hairudi yote. Unganisha chaja ya kisasa inayojizima yenyewe. Kama hakuna umeme karibu, fungua waya wa hasi kwanza, uhakikishe una namba ya siri ya kufungulia redio.

Kuwasha injini dakika tano kila Jumapili ni desturi mbaya. Inatumia umeme wa kuwashia usiorudishwa, na mvuke hubaki ndani ya bomba la moshi ukilila kwa kutu. Afadhali usiiwashe kabisa.

Osha chumvi ya barabarani chini ya gari kabla ya kuliegesha. Ongeza upepo kidogo kwenye tairi ili zisibonyee upande mmoja. Jaza tangi: petroli ya E10, iliyoingia vituoni Uingereza Septemba 2021, ina ethanoli inayovuta unyevu, na tangi lenye nafasi tupu lina hewa yenye unyevu. Maji ya rejeta yawe nusu kwa nusu na dawa ya kuzuia kuganda.

Nimenunua gari lenye SORN. Naweza kuondoka nalo?

SORN ya muuzaji hailindi mnunuzi, inakoma gari likibadili mikono. Lipa kodi hapohapo kwa namba ya tarakimu 12 iliyo kwenye V5C/2, kipande cha kadi ya gari anachopewa mnunuzi, bima ikiwa tayari, ndipo uendeshe. Au lipakie juu ya lori. Kulivuta kwa kamba hakusaidii, magurudumu yanakuwa yamegusa barabara.

MOT yangu, ule ukaguzi wa lazima wa gari, inaisha Januari, gari likiwa limelala. Machi nitafanyaje?

Gari lenye SORN halidaiwi MOT, ila bila MOT hai hutaweza kulipa kodi, isipokuwa gari limesamehewa ukaguzi. Safari pekee inayoruhusiwa ni kwenda na kurudi kwenye ukaguzi uliowekewa miadi, na bima iwepo siku hiyo. Weka miadi wiki ya mwisho ya Machi na ubebe uthibitisho wake kwenye simu. Kabla ya kutoka, kanyaga breki mara kadhaa ukiwa uwanjani, kisha sogea taratibu, kwa kuwa disiki zitakuwa na kutu ya juujuu inayokwaruza mita chache za mwanzo. Gari likipita, lirudishe uwanjani na usilipe kodi usiku huo. Lipa tarehe 1 Aprili asubuhi.