Maswali na Majibu: Rangi ya Mwanga wa Vioo na Raha ya Macho

Barua za safari hii zinahusu vioo vya simu, mizani na vyombo vya baharini. Wengi walioandika wanaulizia rangi, ilhali kitu cha kuulizia kwanza ni kiasi cha mwanga na ukubwa wa maandishi. Nitajibu kama zilivyoulizwa, lakini jambo hilo nitalirejea kila nitakapoona haja.

SWALI: Mimi ni nahodha wa mashua ya uvuvi, Nungwi. Nimenunua GPS ambayo mwanga wake wa nyuma unabadilika rangi: nyeupe, buluu, kijani na nyekundu. Vijana wangu wanataka buluu, wanasema ni baridi kwa macho. Nitumie ipi usiku?

JIBU: Tumia nyekundu, na uipunguze mpaka pale tarakimu zinaposomeka na si zaidi ya hapo. Jicho lina seli za mchana, zinazotambua rangi na maandishi madogo, na seli za usiku, ambazo hazijui rangi lakini huona kwa nuru hafifu mno. Seli hizi za usiku huchukua nusu saa au zaidi kuzoea kiza barabara, na mwanga mkali wa muda mfupi unatosha kuzirudisha nyuma. Wepesi wao mkubwa uko kwenye nuru iliyo baina ya buluu na kijani, kwenye nanomita 507 hivi (nanomita ndiyo kipimo cha urefu wa wimbi la nuru), na nyekundu iliyokoza karibu haziioni kabisa. Kwa hiyo hiyo buluu wanayoiita baridi ndiyo inayozipiga seli ambazo mnazitegemea kuona ngalawa isiyo na taa mbele yenu, wakati nyekundu hukuachia usome kwa seli za mchana bila ya kuzisumbua zile nyengine.

Nyekundu nayo ina masharti yake. Ikiwa kali sana, haina faida. Alama nyekundu zilizochapwa kwenye ramani ya karatasi hupotea chini ya taa nyekundu, kwa hiyo ramani isomwe kabla ya jua kuzama. Wapo pia watu, hasa wanaume, wenye upungufu wa kuona rangi, ambao nyekundu kwao ni kama imefifia. Mwenye hali hiyo asikabidhiwe kusoma chombo kwa mwanga huo. Kama mnavua dagaa kwa taa, maneno haya yanahusu safari ya kwenda na kurudi, kwani mkishawasha taa zenu hakuna tena macho ya usiku ya kulinda. Na kijana anayefungua simu yake katikati ya safari ili atazame ujumbe anawaharibia wote waliokaa karibu naye. Mkataze.

SWALI: Nina duka la nafaka Darajani na nataka mizani mpya. Ipo yenye kioo cha buluu na tarakimu nyeupe, na ipo ya kijani yenye tarakimu nyeusi. Ya buluu inapendeza zaidi. Wateja watasoma vizuri?

JIBU: Nunua ya kijani. Lenzi ya jicho haikusanyi rangi zote mahali pamoja: nuru ya buluu hukutana mbele ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea nuru, wakati kijani na manjano zimekaa sawa, ndiyo maana mwanga wa buluu huonekana kama una ukungu pembezoni. Zaidi ya hayo, seli zinazopokea buluu ni chini ya sehemu moja kwa kumi ya seli za rangi, na pale katikati kabisa ya retina, mahali tunapotumia kusomea, hazipo. Mchana jicho huona kwa urahisi zaidi nuru ya kijani inayoelekea manjano, kwenye nanomita 555. Simama hatua tatu kutoka kwenye mizani zote mbili, tazama 3 na 8, na utajua mteja wako mtu mzima atagombana nawe kwa ipi.

Kuna jambo hukuliuliza. Tarakimu nyeusi kwenye kioo cha kijani husomeka hata taa yake ikizimwa, kwa sababu mwanga wa mchana huakisiwa na kioo chenyewe, wakati ile ya buluu mara nyingi haina maana bila ya taa yake, na jua likiipiga hufifia. Mizani inayosomeka kwa muuzaji peke yake si mizani ya haki, na watengenezaji wanaotia buluu kwa ajili ya urembo hawalifikirii hilo.

SWALI: Je, mwanga wa buluu wa simu utampofua mwanangu?

JIBU: Swali hili linarudi kila mara, na kila mara mwenye kuuliza amelipokea kwenye ujumbe uliosambazwa bila ya kutajwa aliyeuandika. Hapana. Kivulini mchana, nje ya nyumba, mwanga huzidi laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali) na ndani yake mna buluu tele. Simu ya kawaida iliyo sentimita 30 kutoka usoni kwa kawaida haifikishi laksi 100. Kinachomuumiza mtoto ni kutopepesa macho, kwani mtu anayetazama kioo hupepesa nusu ya kawaida au chini ya hapo, na chini ya pangaboi macho hukauka upesi. Kingine ni kukosa usingizi, kwa kuwa nuru ya buluu usiku huuchelewesha mwili kulala. Mpe mapumziko, mtoe nje acheze, na usiku mnyang'anye simu.

SWALI: Miwani ya kuzuia buluu inayouzwa mitaani inafaa?

JIBU: Usiinunue. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2023 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, hayakuona kuwa inapunguza uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida.

SWALI: Ninasoma kidato cha nne, Wete. Usiku nasomea simu kwa maandishi meupe kwenye kioo cheusi, lakini herufi zinaonekana kama zimeota nywele. Kosa ni la simu?

JIBU: Yumkini ni la macho. Kioo kikiwa cheusi mboni hupanuka ili kuingiza nuru zaidi, na mboni ikipanuka kila kasoro ndogo ya jicho hujitokeza. Mwenye astigmatizimu, yaani jicho ambalo mviringo wake hauko sawa pande zote, huona herufi nyeupe zinasambaa. Kioo cheupe huifinya mboni na herufi hukaza. Kwa masomo marefu tumia maandishi meusi kwenye kioo cheupe, punguza mwanga ulingane na wa chumba, na washa taa ya chumbani badala ya kusoma kizani. Kisha nenda ukapimwe macho kabla ya mitihani. Umri wako ni wa kupimwa, na skuli zingelifanya hivyo kila mwaka kama zingelijua ni wanafunzi wangapi wanaoitwa wavivu kwa sababu hawaoni ubao.

SWALI: Nina miaka 61. Msahafu wa kwenye simu una herufi za rangi kwa ajili ya tajwidi. Nyekundu na nyeusi naziona, lakini za buluu zinanipotea, na simu naisogeza mbali kila siku. Niongeze mwanga?

JIBU: Ongeza kidogo, lakini hilo si jibu lote, mzee wangu. Lenzi ya jicho hugeuka manjano kadiri umri unavyokwenda na huimeza buluu kabla haijafika ndani, na kwa jumla retina ya mtu wa miaka 60 hupata takriban thuluthi ya nuru inayoipata retina ya kijana wa miaka 20. Kuisogeza simu mbali ni dalili ya kuhitaji miwani ya kusomea. Chagua msahafu wa herufi nyeusi tupu na uzikuze. Usichukue miwani kwa kubahatisha kwenye meza za njiani: kapimwe, na uombe upimwe pia presha ya jicho, kwani maradhi hayo huiba uoni kimyakimya na kilichokwisha kupotea hakirudi.

SWALI: Fundi amenibadilishia kioo cha simu. Weupe umekuwa na ubuluu na nikipunguza mwanga kichwa kinauma.

JIBU: Ubuluu peke yake ni wa kuvumilika, uhamishe kuelekea manjano kwenye mipangilio. Hicho kichwa ndicho kinachonishughulisha. Vioo vingi hupunguza mwanga kwa kuuwasha na kuuzima upesi upesi, na baadhi ya watu huumwa nao bila ya kuuona. Punguza mwanga mpaka chini, kisha kitazame kioo kupitia kamera ya simu nyengine: mistari myeusi inayotembea ni alama yake. Ikitoweka unapoongeza mwanga, kiache kioo juu kidogo na uwashe taa ya chumbani. Kikiwa kinamemeteka hata kwa macho matupu, mrudishie fundi kabla dhamana haijakwisha.