Retinoli au vitamini C? Anza na moja kwanza

Dada umeuliza kati ya retinoli (aina ya vitamini A ya kupaka usoni), vitamini C ya kupaka na peptaidi (vipande vidogo vya protini vinavyotiwa kwenye krimu) uchukue ipi maana una miaka 38 na mikunjo imeanza pembeni ya macho. Mi ningeanza na retinoli, hiyo ndo yenye ushahidi mwingi kuliko hizo zingine, ila usikurupuke, mara 2 kwa wiki usiku tu, uso ukiwa mkavu kabisa, na kiasi cha punje ya njegere kinatosha uso mzima. Mi nilijipaka kila siku wiki ya kwanza nikabanduka kando ya pua kama nyoka anajivua gamba hahaha, sa we nenda taratibu na krimu ya kulainisha juu yake. Usitegemee maajabu kabla ya wiki 12. Kama una mimba au unatafuta, achana nayo kabisa. Asubuhi paka sanskrini (krimu ya kukinga jua) yenye SPF, yaani kipimo cha kinga, 30 kwenda juu, bila hiyo unatwanga maji kwenye kinu. Vitamini C utaongeza baadaye, asubuhi pia kabla ya sanskrini, na ikigeuka kahawia kwenye chupa imeshaharibika hiyo, tupa. Peptaidi sio mbaya ila zinaweza kusubiri.